Kielekezi, safu na memori: namna simu ya WhatsApp ilivyofungulia wapelelezi mlango

Mwezi wa tano 2019, WhatsApp iliomba watumiaji wake wa dunia nzima waweke toleo jipya. Kulikuwa kosa katika sehemu ya kupiga simu: mtu aliweza kukupigia, hata usipopokea, na programu ya upelelezi ikaingia. WhatsApp ilisema watu karibu 1,400 walilengwa, kati yao wanahabari na watetezi wa haki za binadamu, na ikashitaki kampuni ya NSO Group ya Israeli. Kosa lenyewe ni la aina ya zamani sana, na mtu wa Kalundu anaweza kulielewa bila kusomea kompyuta.

Tuchukue depo ya bandarini. Mwenye mzigo hatembei na magunia kichwani; anabeba kikaratasi chenye namba ya mahali yalipopangwa. Kikaratasi hicho njo kielekezi. Memori ya simu (ile ya kazi, si ile ya kuwekea picha) imegawanywa kwa nafasi ndogo ziitwazo baiti, kila moja na namba yake.

Safu ni vitu vya kipimo kimoja vilivyopangwa vikifuatana. Ikianzia namba 1000 na kila kitu kinachukua baiti 4, cha pili kiko 1004, cha tatu 1008. Ndiyo maana wanahesabu kuanzia 0: ni umbali toka mwanzo.

Shida iko hapa. Lugha ya C, aliyoitengeneza Dennis Ritchie kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, haimsimamishi mtu kwenye mpaka wa safu. Umetenga nafasi 10, vinakuja vitu 15: vile 5 vinamwagikia kwa jirani na kufuta vyake. Mwenye nia mbaya anavipanga viwe amri, na simu inatii. Kosa la WhatsApp lilikuwa la namna hiyo.

C inamwachia pia mwandishi wa programu kazi ya kuomba nafasi na kuirudisha. Asiporudisha, depo inajaa, programu inakuwa nzito mpaka inajifunga. Akirudisha lakini akabaki na kikaratasi, kesho atakuta pale mzigo wa mwingine, na hilo ni baya zaidi.

Java na Python zinafagia zenyewe. Rust, iliyotoa toleo 1.0 mwaka 2015, inakataa mengi ya makosa haya kabla programu haijaanza kutumika. Lakini programu nyingi za dunia bado ni za C, na kuziandika upya si kazi ya siku moja. Kwa sasa, dawa iliyo mikononi mwa mwenye simu ni kuweka matoleo mapya, hata kama mega ni bei.