Kifua Kikuu Kisichokaa Kifuani

Ndugu zangu wana-Kaloleni, mhasibu akiombwa kuandika historia ya ugonjwa huanzia kwenye risiti. Ninazo kumi na moja, zote za baba yangu mdogo, fundi cherehani ambaye baadhi yenu aliwashonea sare za shule. Kwa miezi minne alipata homa za jioni, akatokwa jasho la usiku hadi shuka likaloa, akakonda huku tumbo likijaa. Risiti tatu ni za kupima makohozi, na mara zote tatu aliambiwa hana TB. Nyingine ni za malaria, za minyoo, za vidonda vya tumbo na za ini. Mahali pamoja waliomhudumia walimuuliza anakunywa pombe kiasi gani, yeye ambaye hakuwahi kuonja hata mbege. Risiti ya kumi na moja ni ya ultrasaundi. Hiyo ndiyo iliyoonyesha maji tumboni, tezi zilizovimba ndani na vidoa kwenye bandama. Akaanzishiwa dawa za TB. Wiki ya tatu tukamzika.

Kwa muda mrefu nilitafuta wa kulaumiwa. Baadaye nilielewa kwamba wengi waliompima walifuata utaratibu waliofundishwa, na utaratibu huo una historia ndefu. Sehemu yake kubwa imeandikwa hapahapa kwetu.

Hata jina limetupoteza kidogo. Tukisema kifua kikuu, akili inakwenda kwenye kikohozi. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alipotangaza kwamba amekipata kijidudu cha ugonjwa huu, alifungua njia ya kumtambua mgonjwa kwa darubini: chukua makohozi, yapake kwenye kioo, yatie rangi, uangalie. Dawa ilikuwa bado. Kibong'oto, upande wa Siha chini ya Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 kama mahali pa kuwatunza wagonjwa wa TB, wakati ambapo tiba ilikuwa mapumziko, hewa safi na chakula. Bibi yangu alikuwa akilitaja jina la Kibong'oto kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja makaburi.

Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943, na dawa nyingine zikafuata. Mgonjwa alitakiwa kuzitumia mwaka mmoja na nusu hivi, na wengi waliacha njiani. Majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1970, kwa ushirikiano na Waingereza, ndiyo yaliyosaidia kuthibitisha kwamba miezi sita inaweza kutosha dawa zikichanganywa vizuri. Kila anayemeza dawa za TB leo, popote duniani, ana deni kwa wagonjwa wa ukanda wetu.

Halafu likaja jambo ambalo mimi, kwa kazi yangu, nalipenda kuliko yote. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia ambaye yeye mwenyewe aliugua TB akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili. Styblo na wenzake Watanzania walifanya kitu ambacho kwa macho yangu ni uhasibu mtupu. Kila mgonjwa aliandikwa kwenye rejesta, akapimwa makohozi mwanzoni, akapimwa tena katikati na mwishoni, kisha akafungiwa hesabu: amepona, amefariki, ametoroka, amehamishwa. Kila robo mwaka taarifa ilipanda ngazi kutoka wilayani. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mtindo huo na kuueneza ulimwenguni kote.

Lakini daftari lolote huona kile tu lilichochorewa safu. Safu kuu ya rejesta ile ilikuwa makohozi, na kulikuwa na sababu nzuri: anayekohoa vijidudu ndiye anayewaambukiza wengine, kwa hiyo atafutwe kwanza. Ambaye ugonjwa umemkaa kwenye tezi, tumboni, kwenye uti wa mgongo au kwenye utando wa moyo alibaki kutegemea bahati na jicho la daktari. Kisha VVU vikaingia. Wagonjwa wa TB walioandikishwa nchini walipanda kutoka takriban 12,000 mwaka 1983 hadi zaidi ya 60,000 miaka ya 2000, na kinga ikishuka, TB husambaa mwilini huku makohozi mara nyingi yakionekana safi. Duniani, takriban mgonjwa 1 kati ya 6 wanaoripotiwa ana TB ya nje ya mapafu.

Mkoani kwetu kuna la ziada. Utafiti wa Sayoki Mfinanga na wenzake kuhusu wagonjwa wa TB ya tezi, uliochapishwa mwaka 2004, ulikuta kwamba baadhi yao walikuwa na kijidudu cha TB ya ng'ombe. Wachache, ndiyo, lakini kwa watu wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa ni habari ya kukaa nayo. (Na wale panya maarufu wa Morogoro? Hodari sana, ila nao hunusa makohozi.)

Ultrasaundi ilitoka mbali na TB. Ian Donald, daktari wa akina mama huko Glasgow, aliazima wazo la mitambo ya kiwandani iliyotumika kutafuta nyufa ndani ya chuma, na mwaka 1958 akachapisha picha za matumbo ya wagonjwa. Nusu karne baadaye, Tom Heller na wenzake katika hospitali ya Hlabisa, Afrika Kusini, walipanga namna fupi ya kumwangalia mtu mwenye VVU anayeshukiwa TB, palepale kitandani. Je, kuna maji kuzunguka moyo, mapafu au tumboni? Tezi za tumbo zimevimba? Kuna vidoa kwenye ini au bandama? Watafiti wa Ifakara nao wamejaribu njia hii, wakiipanua, huko kwao na Dar es Salaam.

Niseme na upungufu wake, maana brosha za michango hupenda kuuficha. Ultrasaundi haimwoni kijidudu. Maji tumboni yanaweza kuwa ya ini au ya saratani, na bandama ya mtu wa huku ina magonjwa mengi ya kuivimbisha. Picha inamwambia mtabibu asimrudishe mgonjwa nyumbani. Bado anahitaji kuvuta maji, kupima tezi, kupima VVU, kufikiri. Mashine mikononi mwa asiyefundishwa itatuletea makosa mapya yenye picha nzuri.

Mwaka huu chama chetu kinachangia mashine ya ultrasaundi ya kubeba. Kamati iliponiletea makadirio niyakague, mstari wa mashine ulikuwa umejaa, na mstari wa mafunzo ulikuwa na sifuri. Nimeyarudisha, tukabishana jioni nzima, na sasa mafunzo ya watabibu wawili pamoja na usimamizi wa mwaka wa kwanza yana mstari wake. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Ukijaza kiasi chako, onyesha kama ni cha mashine au cha mafunzo. Mimi nimeandika mafunzo.