Mpasuko wa Young Africans, 1976

Klabu ya Young Africans, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1935, ilikuwa mali ya wanachama. Kwa hiyo nani acheze na nani afundishe yalikuwa mambo ya barazani kabla ya kuwa ya uwanjani. Wazee wakinena, vijana wakijibu, hata kahawa ikapoa vikombeni. Mwaka 1976 mabishano yalipita kimo. Wachezaji wengi mahiri waliondoka, ikazaliwa Pan African. Mwaka uliofuata Simba iliwacharaza waliobaki mabao 6 kwa 0, kipigo ambacho Jangwani hakitajwi kwa sauti. Mimi naona kilianzia barazani, maana timu haisukwi upya kwa mwaka mmoja. Pan African, kwa upande wake, ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1982.