Kumfundisha Mtu kwa Kadiri ya Ufahamu Wake

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyempa mwanadamu akili na akaijaalia ikue hatua kwa hatua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na Masahaba wake. Amma baad.

Enyi Waislamu mliohudhuria, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani! Leo tutaitazama historia ya mwalimu na mwanafunzi, tupate mazingatio. Jambo tunalotaka mlishike ni moja: somo halipimwi kwa maneno aliyoyatamka mwalimu, bali kwa yale yaliyoingia katika ufahamu wa mwanafunzi. Na mwalimu asiyetazama yaliyoingia, hawezi kujua kama inampasa aendelee, arudi nyuma, au abadili njia.

Tuanze na Mtume wetu (S.A.W.). Imepokewa kwa Abu Huraira, katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, ya kwamba mtu mmoja aliingia msikitini akasali kwa haraka, kisha akaja kumsalimu Mtume. Mtume akamrudisha akasali tena, kwani sala yake haikuwa sala. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka yule mtu mwenyewe akakiri kuwa hajui njia nyingine, akaomba afundishwe. Ndipo Mtume akamweleza, nguzo baada ya nguzo, akimtaka atulie katika kila moja. Tazameni, ndugu zangu: kwanza alimwangalia akitenda, akalijua kosa lake, akangoja hata moyo wake ukawa tayari, kisha akamfundisha lile hasa alilolikosa. Wala tusisahau kwamba Qurani yenyewe iliteremshwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 23.

Maulamaa waliofuata waliishika njia hiyo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilihesabu kuwa ni wajibu wa mwalimu kumpa mwanafunzi kwa kadiri akili yake inavyochukua. Naye Ibn Khaldun, katika Mukadima yake aliyoiandika mwaka 1377, aliwalaumu waalimu wa zama zake waliowatupia wanaoanza masuala mazito. Alieleza kuwa mwanafunzi wa namna hiyo hudhani elimu yenyewe ndiyo ngumu, akachoka, akaikimbia. Na kumbe kosa ni la ufundishaji. Akausia elimu ifundishwe kwa marejeo matatu: kwanza mambo makubwa kwa jumla, kisha ufafanuzi, kisha yale yaliyo magumu. Tena akaonya kwamba ukali mwingi humfunza mtoto uongo na unafiki.

Katika mwambao wetu, vyuo vya Qurani vilikuwa na mwendo wake. Watoto walikaa mkekani pamoja, lakini kila mmoja alikuwa na somo lake. Huyu yumo katika herufi, yule katika irabu, mwingine amekwisha ingia katika juzuu ya Amma. Somo liliandikwa ubaoni kwa wino, na ubao haukuoshwa mpaka mtoto amesoma mbele ya mwalimu akasikilizwa. Hakuna aliyesukumwa mbele kwa sababu mwenzake amekwenda mbele.

Elimu hiyo ilipanda bara pamoja na misafara ya biashara, ambayo katika karne ya 19 ilifika hata kwa Wamangi wa Kilimanjaro. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ikafika Moshi, na mji ukakusanya watu wa mwambao, Wapare, na Wachaga wa kila upande wa mlima. Katika mtaa kama Majengo, mkeka mmoja uliweza kuwakusanya watoto wa lugha mbalimbali, na kila ulimi una herufi zinazoutatiza. Mwalimu wa watoto hao hawezi kufundisha bila kusikiliza.

Hata hivyo haki isemwe: vyuo vingi vilipima usomaji na hifadhi, vikaiacha maana. Pengo hilo waliliona wanavyuoni wetu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947) aliandika kwa Kiswahili magazeti na vitabu, na miongoni mwake Hidayatul Atfal kwa ajili ya watoto. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa mwalimu wa skuli huko Unguja, akatoa tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1969.

Nayo nchi yetu ililijaribu jambo hili kwa watu wazima. Kuanzia mwaka 1968, katika mikoa ya Ziwa, wanakisomo walitungiwa vitabu kwa kufuata kazi zao: pamba kwa wakulima wa pamba, ndizi kwa wenye migomba, uvuvi kwa wavuvi. Mwaka 1971 wilaya sita, na Kilimanjaro ikiwa mojawapo, zilitakiwa zifute ujinga wa kutojua kusoma. Mwezi wa Agosti 1975 ukafanywa mtihani wa taifa, ukawapanga watu katika ngazi nne, ili asiyefikia ngazi ya kutosha aendelee kufundishwa. Mwaka 1967 wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha 67 katika kila watu wazima 100. Baada ya mtihani huo walihesabiwa 39.

Basi tuyatazame madarasa yetu ya leo. Watoto ni wengi, ubao ni mmoja, na somo ni moja kwa wote. Mwalimu huuliza, "Mmefahamu?" Nao hujibu kwa sauti moja, "Tumefahamu!" Jibu hilo halina habari yoyote ndani yake. Aliyefahamu amejibu, na asiyefahamu amejibu vilevile, kwa haya au kwa kuogopa fimbo. Huo ndio uongo aliouonya Ibn Khaldun, nasi ndio tunaoufundisha. Kisha mtoto huyo hunyamaza mwaka mzima, akaitwa mzito, na mwishoni akaacha kuja.

Enyi waalimu! Mwambieni mtoto aeleze kwa maneno yake, au atende mbele yenu. Mkiona nyuso zimeduwaa, simameni. Leteni mfano wa mgomba, wa mfereji, wa kahawa, kisha mrudie. Aliyetangulia amsaidie mwenzake, kama ilivyokuwa mkekani. Nanyi wazazi, mtoto arudipo msimwulize amefika ukurasa wa ngapi. Mwombeni awafundishe alichojifunza. Wala msimwone mwalimu anayerudia somo kuwa ni mvivu, kwani huenda yeye ndiye aliyewaona watoto wenu.

Mwenyezi Mungu awape waalimu wetu subira na busara, awafungulie watoto wetu ufahamu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.