Somalia na Kongo: Vita Vyenye Ukomo na Visivyo na Ukomo

Makutano ya Kanduyi, hapa Bungoma, hayalali. Malori yaliyobeba shehena za Kampala, Kigali na hata Goma hupita hapo usiku na mchana. Ukiishika barabara hiyohiyo kurudi mashariki, unafika Eldoret, penye kambi ya Moi, ambako Januari 2016 waliombewa wanajeshi waliouawa El Adde. Kwa hiyo operesheni mbili za Kenya nje ya mipaka, ya Somalia tangu 2011 na ya Kongo kati ya 2022 na 2023, si habari za mbali kwa mtu wa Bungoma. Ya kwanza husifiwa kuwa ushindi, ya pili hubezwa. Naona hukumu hiyo imepinduka. Tukiuliza nani aliombwa idhini, kwa kazi gani na mpaka lini, operesheni ya Kongo ndiyo iliyoheshimu raia zaidi.

Jeshi liliingia Somalia Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa nyara Lamu na Dadaab. Katiba ya 2010, kifungu cha 240, inataka Bunge liidhinishe kupeleka majeshi nje. Idhini ya kujiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, ilikuja Desemba, vita vikiwa vimeshapamba moto. Lengo nalo likawa linahama: kuwasukuma al-Shabaab mbali na mpaka, kisha kuuteka Kismayu mwaka 2012, kisha kuilinda serikali ya Mogadishu. Kambi ya El Adde ilipovamiwa alfajiri ya 15 Januari 2016, miili mingine haikutambulika ila kwa vipimo vya DNA, na wazazi wakakaa wakingoja jeneza lenye bendera. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Vita visivyo na hesabu ya wafu wake havina pa kukomea, kwa kuwa hakuna anayeweza kusema gharama imezidi.

Kongo mambo yalikwenda vingine. Rais aliwaaga wanajeshi 2 Novemba 2022 kabla Bunge halijaidhinisha, na hilo ni kosa lilelile la zamani. Lakini safari hii wabunge waliwekewa mezani idadi, wanajeshi wapatao 900, gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 4, na muda wa miezi sita. Kinshasa ilipokataa kuongeza tena muda, Desemba 2023 wakarudi.

Atakayepinga atasema walirudi mikono mitupu, na waasi wa M23 wakaingia Goma Januari 2025. Ni kweli, na inauma. Ila chanzo kilikuwa makubaliano yenyewe: Kinshasa ilitaka jeshi la kupigana, Nairobi ilipeleka jeshi la kusimama katikati. Kubaki zaidi kusingeliziba pengo hilo. Hoja nzito zaidi ni kwamba Somalia tulijilinda, na anayejilinda hapangi tarehe. Nakubali kuhusu tarehe, si kuhusu kipimo. Watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, jeshi likiwa ng'ambo ya mpaka mwaka wa nne. Swali la iwapo ngao hiyo ilikuwa inakinga lilistahili kurudishwa Bungeni wakati huo, kwa takwimu na mbele ya wananchi. Badala yake AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, ATMIS ikawa AUSSOM mwaka 2025, na vijana wetu wangali huko.