Strasbourg, mji wa mpakani kando ya Mto Rhine

Strasbourg iko mashariki mwa Ufaransa, kwenye ukingo wa Mto Rhine. Ng'ambo ya pili ni Kehl, Ujerumani. Meli za watalii zipitazo mtoni humo hutia nanga hapa, na kwa abiria wengi siku moja ndiyo nafasi pekee ya kuuona mji huu. Mji wa kale wenyewe hauko ukingoni mwa Rhine. Umejengwa kwenye kisiwa kilichozungukwa na maji ya Mto Ill, mahali ambapo Warumi waliweka kambi yao ya Argentoratum mwaka 12 kabla ya Kristo.

Boti za matembezi hupita mtaa wa Petite France, walikoishi wavuvi, wasagaji nafaka na watengenezaji wa ngozi. Nyumba zao za mbao zina mapaa marefu yenye nafasi wazi darini. Humo ngozi zilianikwa zikaushwe na upepo. Mbele kidogo lipo Bwawa la Vauban, lililojengwa baada ya Louis wa 14 kuuteka mji mwaka 1681. Malango yake yakifungwa, maji yalifurika upande wa kusini na kumzuia adui.

Kanisa Kuu la mawe mekundu ya mchanga lina mnara mmoja tu, uliokamilika mwaka 1439. Una urefu wa mita 142, na kuanzia 1647 hadi 1874 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Ndani, saa ya falaki huwapitisha mitume mbele ya Kristo kila saa sita na nusu mchana, huku jogoo wa mitambo akiwika.

Mpaka ndio ulioutesa mji huu. Mwaka 1870 jeshi la Wajerumani liliuzingira, na usiku wa Agosti 24 maktaba iliteketea pamoja na Hortus deliciarum, kitabu cha karne ya 12 kilichosheheni picha. Hasara hiyo haikufidika kamwe. Mwaka uliofuata mji ukawa wa Ujerumani, 1918 ukarudi Ufaransa, 1940 ukatwaliwa na Hitler, 1944 ukakombolewa. Mkazi aliyezaliwa mwaka 1865 na kufikisha miaka 80 alibadilishiwa serikali mara nne bila kuhama nyumba.

Ukombozi huo una mizizi Afrika. Machi 1941, baada ya kuteka oasisi ya Kufra nchini Libya, Kanali Leclerc na askari wake, wengi wao Waafrika kutoka Chad, waliapa kutoweka silaha chini hadi bendera ya Ufaransa ipepee juu ya Kanisa Kuu la Strasbourg. Kiapo kilitimia Novemba 23, 1944. Lakini vikosi vya Leclerc vilipoundwa upya kuwa divisheni ya vifaru mwaka 1943, askari weusi waliondolewa. Waliobeba mzigo wa jangwani walinyimwa heshima ya kuingia mjini. Dhuluma hiyo inastahili kutajwa kila kiapo hicho kinaposimuliwa.

Mwaka 1949 Strasbourg ilichaguliwa kuwa makao ya Baraza la Ulaya. Tangu 2017 tramu ya mji huo huvuka Rhine kwa daraja na kuwafikisha abiria Kehl.