Walenisi: Jina la Kabila Lisilokuwapo

Jamii iliyojitenga, isiyoonekana katika ramani yoyote, si ngeni katika nathari ya Kiswahili. Shaaban Robert aliining'iniza angani katika Kusadikika (1951), nchi ambayo mipaka yake ni pepo tupu. Hata hivyo, upweke wa nchi hiyo hausababishwi na mahali ilipo. Wajumbe sita walitumwa pande zote, mbinguni na ardhini pia, kutafuta maarifa ya kuifaa. Waliporejea nayo walitiwa gerezani. Kusadikika ni pweke kwa kuwa inaziadhibu habari za kwingine.

Katama Mkangi aliirithi hoja hiyo na kuigeuza katika Walenisi (1995). Dzombo, mhusika wake mkuu, anahukumiwa kifo na dola dhalimu, kisha anatiwa katika chombo cha angani ambacho hakuna aliyepata kurejea nacho. Badala ya kufa, anatua miongoni mwa watu wanaoishi kwa usawa. Uovu sasa uko nyumbani, wema uko mbali, na njia ya kuufikia wema ni ile ile iliyotengwa kwa ajili ya kuua.

Kejeli hiyo ina historia yake. Mkangi, mwanasosholojia, alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Nairobi alipokamatwa mwaka 1986 na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Kutoka chuoni hapo hadi Nyayo House, jengo ambalo vyumba vyake vya chini vilitumiwa miaka hiyo kuwatesa washukiwa wa Mwakenya, ni mwendo wa miguu tu. Riwaya ilitolewa na East African Educational Publishers, Westlands, miaka minne baada ya kufutwa kwa kifungu cha 2A kilichohalalisha chama kimoja. Si ajabu, basi, kwamba husomwa kama istiara ya dola hiyo.

Usomaji huo ni sahihi, ila unalipita jina kwa haraka mno. Sikio la Mkenya hulipokea neno Walenisi kama jina la kabila: lina kiambishi wa- cha ngeli ya watu, sawa na Wataita, Wakamba au Wagiriama. Msomaji hujiandaa kuelezwa mila na miiko ya watu wa pembezoni, kwa namna ambayo wanaethnografia wa kikoloni walivyozoea kuwaeleza Waafrika. Anapolipasua neno hukuta sentensi kamili: wale ni sisi. Katika nchi ambayo kati ya 1991 na 1993 maelfu walifukuzwa mashambani mwao katika Bonde la Ufa kwa kuwa ni "wale", kitenzi kishirikishi ni kimebebeshwa mzigo mzito kuliko hotuba yoyote ya wahusika.

Na hotuba ni nyingi. Wenyeji wa Walenisi hueleza mno. Kurasa kadhaa zina sauti ya ukumbi wa mihadhara, na jamii isiyo na mgogoro wa ndani haimwachii msimulizi mengi ya kusimulia. Jina limefanya kwa silabi nne kazi ambayo mijadala inairudia kwa kurasa nzima.

Miaka saba baadaye, K. W. Wamitila alichapisha Bina-Adamu! (2002), pia jijini Nairobi. Humo kijiji hakijitengi tena: dunia nzima imekuwa kijiji, na msafiri anayekizunguka hapati mahali palipo nje yake ambapo angeweza kutua.