Jadidi: Walioanza na Sauti ya Herufi

Neno jadidi si geni kwa mshairi wa Kiswahili: maana yake ni -pya. Katika Asia ya Kati neno hilo lilikuwa jina la kundi la Waislamu waliotaka kuihuisha elimu, na kisa chao nakiona kinatuhusu sisi tunaoishi kwa lugha.

Kilichoanza ni namna ya kusoma. Mwaka 1884, huko Bakhchisaray katika Crimea, Ismail Gasprinski, mwenye gazeti la Tercüman, alifungua skuli iliyofundisha herufi za Kiarabu kwa sauti zake. Kabla ya hapo mtoto alikariri majina ya herufi, kisha aya, na baada ya miaka mingi asiweze kusoma ukurasa mgeni. Kwa usuli jadidi, yaani njia mpya, miezi michache ilitosha.

Turkestan, iliyokuwa chini ya Urusi, ikaipokea njia hiyo. Mwaka 1901 Munawwar Qari alifungua skuli ya namna hiyo Tashkent. Huko Samarkand, mufti Mahmudkhoja Behbudiy alitunga vitabu vya kufundishia, na mwaka 1913, katika jarida lake la Oyina, aliwahimiza watu wake wajue lugha 4: Kituruki chao, Kifarsi, Kiarabu na Kirusi. Tamthilia yake Padarkush, iliyochezwa mwaka 1914, inamwonyesha tajiri aliyemnyima mwanawe elimu. Kijana akaangukia kwa walevi, na wenzake wakamuua baba. Behbudiy hakuikimbia dini. Aliuona ujinga ndio adui yake.

Yeye mwenyewe aliuawa Qarshi mwaka 1919, katika milki ya amiri wa Bukhara. Waliobaki waliangukia mikononi mwa dola ya Stalin: mwanazuoni Fitrat, mshairi Cholpon na Abdulla Qodiriy, mwandishi wa riwaya ya kwanza ya Kiuzbeki, wote waliuawa Oktoba 1938. Hati nayo ilibadilishwa, kwanza kuwa ya Kilatini mwishoni mwa miaka ya 1920, kisha ya Kirusi mwaka 1940. Mjukuu akawa hawezi kuisoma barua ya babu yake.

Nasi tunazo tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na wengi wetu mbele yake hatujui alifu kwa kijiti. Kwa hiyo namhesabu mwalimu anayemfundisha kijana wa leo hati hiyo kuwa jadidi wa kweli, ijapokuwa anafundisha jambo la kale.